Mlango Kwanza: Hotuba ya Kuandaa Shotgani kwa Mashindano na kwa Porini

Hii ndio hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye nyama choma yetu ya kufungua msimu wa hua, hapa kaskazini ya Texas. Waliokuwa kazini wameomba waipate yote, basi nimeiandika kama nilivyoisema, zile picha za ukutani nimeziacha.

Shikamooni wazee wangu. Kina mama, dada zangu, vijana, hamjambo? Ndugu zetu wa Kongo, jambo sana. Wakenya nawaona mmeshakaa karibu na jiko la nyama, sawa tu, ila mtanivumilia kidogo maana mimi nikishaanza kula siongei tena.

Nimeambiwa niongee kuhusu shotgani. Wengi mnanijua, kazi yangu ya mchana ni kuchonga vyuma karakana, wikiendi nipo uwanja wa shabaha, na Septemba ikiingia nipo shambani kwa watu nasubiri hua. Na kila mwaka muda kama huu simu yangu haipumui. Kaka nimenunua mrija mrefu wa kubeba risasi zaidi, naufungaje? Kaka kuna mkono wa bolti mkubwa nimeuona unauzwa, niweke? Kaka nifunge na tochi? Yaani swali ni lile lile, niongeze nini, niongeze nini, niongeze nini. Hivi mbona hakuna anayeniuliza nifungue nini?

Jibu langu leo ni maneno mawili na nitayarudia mpaka mnichoke. Mlango kwanza.

Mlango upi? Geuza shotgani yako ya nusu-otomatiki, ile inayojipakia yenyewe kila ukifyatua, tumbo juu, pale mbele ya kilinzi cha triga kuna tundu unalosukumia risasi kwa kidole gumba ziingie kwenye mrija wa magazini. Huo ndio mlango wa kulishia. Bunduki inatoka kiwandani mlango ukiwa umekusudiwa kwa mwindaji anayeingiza risasi mbili tatu asubuhi, taratibu, huku anakunywa kahawa. Hana haraka yule, bata bado hawajaja.

Sasa njoo kwenye mashindano. Hapa Marekani tuna haya mashindano ya bunduki tatu, raifo, bastola na shotgani, na wanaume na wanawake wanakimbia na taima inahesabu. Tuseme steji ina shabaha 24 za shotgani. Kwenye madaraja mengi unaanza na risasi 9, yaani 8 kwenye mrija na moja chemba, pale nyuma ya mtutu inapolipukia. Hesabu mwenyewe, zimebaki 15 za kuingiza huku unatembea, na hapo hujakosa hata moja. Nani atashinda? Anayefyatua haraka? Hapana jamani. Kufyatua wote tunafyatua kwa kasi inayokaribiana, muda unaliwa kwenye kulisha. Na wewe umekuja na mrija mrefu wa bei mbaya lakini mlango ni ule ule mwembamba wenye kingo kali. Daladala ukiiongezea viti ishirini halafu mlango ukabaki vile vile, abiria watapanda haraka?

(Mzee mmoja akajibu, watapitia dirishani. Ndio mzee, kwa Dar nakubali, kwa shotgani haiwezekani.)

Kabla sijaufungua huo mlango lazima mjue bunduki yenyewe inafanyaje kazi, maana ukibadilisha kitu usichokielewa unaharibu, tena unaharibu kitu kinacholipuka sentimita chache kutoka usoni mwako.

Mtu wa kwanza kutupa shotgani ya nusu-otomatiki iliyofanikiwa sokoni ni John Browning, mtoto wa fundi bunduki wa Ogden, Utah, alizaliwa 1855. Alikuwa amewauzia kampuni ya bunduki ya Winchester michoro yake kwa miaka mingi, wanampa hela ya mara moja, biashara imeisha. Hii ya nusu-otomatiki alijua ni kubwa, akasema safari hii nataka fungu kwa kila bunduki itakayouzwa. Winchester wakakataa. Akaenda Remington, Januari 1902, yupo ofisini anasubiri kuonana na rais wa kampuni, Marcellus Hartley, anaambiwa mzee amefariki, moyo, mchana ule ule. Hebu fikirieni. Mtu mwingine angerudi kwao akalale. Browning akapanda meli mpaka Ubelgiji, kwenye kiwanda cha bunduki cha FN pale Herstal, wakaichukua, na ikatoka Auto-5, tano kwa sababu inabeba risasi tano, nne kwenye mrija na moja chemba. Iliendelea kutengenezwa mpaka 1998. Remington nao baadaye walikuja kuitengeneza ya kwao kwa leseni, ile Model 11, sasa sijui walijisikiaje.

Ile Auto-5 mtutu mzima ulikuwa unarudi nyuma pamoja na bolti, kile chuma kinachoteleza na kufunga chemba kwa nyuma, ndio maana inapiga bega vile. Siku hizi nyingi mtakazokutana nazo ni za aina mbili. Kuna za gesi, kama Remington 1100 iliyotoka 1963 au Beretta 1301, hizi zinachukua gesi kidogo kutoka kwenye mtutu kusukuma pistoni. Na kuna za inersha, ambazo zimejengwa kwenye wazo la Mtaliano Bruno Civolani, na Benelli wa Urbino ndio wakazipeleka dunia nzima. Hizi hazina pistoni wala tundu la gesi. Bunduki inaporuka nyuma begani kwako, bolti kwa uzito wake inabaki pale pale kwa kitambo kidogo sana, springi fupi nene iliyo ndani yake inabanwa, halafu ile springi inajikunjua na kuirusha bolti nyuma, ganda linatoka, risasi nyingine inaingia. Basi. Ni safi, masizi kidogo, ukisafisha dakika tano umemaliza.

Lakini mmesikia nilichosema? Bunduki inaporuka nyuma. Isiporuka je?

Kuna kijana wetu mmoja, yupo hapa, anaangalia chini, simtaji. Alinunua ya inersha, nzuri kabisa, ikafanya kazi miezi. Halafu akaanza kuongeza. Akafunga rafu ya risasi sita ubavuni, akafunga tochi, akafunga mrija mrefu na kibano chake cha chuma, akaujaza. Tukaenda uwanjani na risasi nyepesi za gramu 28 zile za bei rahisi za boksi la buluu, risasi ya kwanza ganda likabanwa pale ubavuni linapotokea, ya pili likabanwa, ya tatu vile vile. Akasema risasi mbovu. Akanunua za kampuni nyingine. Zikabanwa. Akaanza kuulaumu mpaka unyevu wa Texas. Nikamwambia hebu toa hiyo rafu ya ubavuni, itoe tu, tujaribu. Akatoa, akapiga boksi zima bila shida.

Kwa nini? Kwa sababu bunduki nzito hairuki nyuma sawasawa, isiporuka springi haibanwi vya kutosha, isipobanwa bolti haina nguvu ya kwenda mpaka mwisho. Kila gramu unayofunga kwenye bunduki ya inersha unaikata kwenye nguvu yake ya kujilisha. Ya gesi inavumilia zaidi, kweli, nayo ina matatizo yake ya masizi, ila uzito haiujali sana. Kwa hiyo mtu akiniuliza niongeze nini, mimi namuuliza kwanza, ni ya gesi au ya inersha? Akiwa hajui, mazungumzo yameishia hapo, akasome.

Na kufungua mlango hakuongezi hata gramu, kunapunguza. Mnaona sasa? Mlango kwanza.

Haya, tuufungue. Nitaongea kama fundi kidogo, wenye watoto wanaolia mnaweza kutoka mkarudi.

Shotgani nyingi za kisasa za inersha kichwa cha bolti kinazunguka na kujifunga kwenye mtutu wenyewe, sio kwenye bodi, lile kasha la katikati ya bunduki. Ule mshindo wa baruti unabebwa na chuma cha mtutu, bodi ni aluminiamu imebeba vitu tu. Ndio sababu tunaweza kuchonga kingo za mlango bila kuidhoofisha bunduki. Ila msiondoke hapa mnasema fundi amesema bodi zote zinachongwa. Sijasema. Nimesema ujue yako imejifungia wapi kwanza.

Kinachofanyika ni hiki. Vua kila kitu, bodi ibaki tupu kabisa, hakuna risasi chumba kile, sio kwenye meza, sio mfukoni. Zile kingo mbili za pembeni za mlango zinachongwa kwa mteremko ili risasi ikija imepinda kidogo iteleze yenyewe katikati. Nyuma ya mlango panarefushwa kidogo ili kidole gumba kipate nafasi ya kushuka na kutoka. Ukingo wa mbele wa kilinzi cha triga nao unalainishwa. Sisi tunaanza na mashine ya kusaga, halafu tupa, halafu msasa wa kwenye maji mpaka ukipitisha kidole hakuna kinachokwaruza. Na kila hatua unasimama, unachukua ganda la mazoezi, unalisukuma, unasikiliza. Usiondoe chuma kwa sababu tu kinaondoka! Ukifika kwenye matundu ya pini, ukifika kwenye njia ya kile kikamata risasi kinachozuia zilizo kwenye mrija zisirudi nje, simama. Hapo ukikosea risasi zinakumwagikia miguuni zote kwa mara moja. Nimeletewa bodi za namna hiyo na hakuna dawa, ni kununua nyingine.

Halafu kuna kijiko. Kijiko ni kile kibati kinachonyanyua risasi kutoka kwenye mrija kwenda chemba, na unapolisha ndicho unachokisukuma kwa kidole. Kuna bunduki ambazo kijiko chake kimegawanyika mbele, kina mwanya katikati. Huo mwanya ukikukamata ngozi ya kidole gumba utaimba. Mzee mmoja wa kwetu Tanga, mtu mzima, mtaratibu, hajawahi kutukana mbele yangu, alikamatwa kwenye mashindano akiwa anajaribu kuingiza haraka, na nikajua siku hiyo kwamba Kiswahili chake ni kipana kuliko nilivyodhani. Damu kwenye bodi, damu kwenye suruali, taima bado inakwenda. Dawa yake ni kuuziba ule mwanya, kipande cha chuma kinachomelewa, kinasagwa kinakuwa laini, au siku hizi unanunua kijiko kizima kilichokwisha kuzibwa, na kwa asiye na mashine ya kuchomelea namshauri anunue tu. Mzee alibadilisha. Bado ana kovu, mwulizeni awaonyeshe.

Jambo moja nalisema kwa sauti. Triga msiiguse. Sefti msiiguse. Mlango, kijiko, springi, mkono wa bolti, sawa. Vitu vya ndani ya triga acheni, hakuna nusu sekunde huko inayostahili bunduki kujifyatua yenyewe.

Sasa mlango umefunguka, unaingiaje? Zamani watu waliingiza moja moja. Siku hizi wakali wanachukua nne kwa mkono mmoja. Risasi zinakaa kwenye vishikizi vya mkandani au kifuani, mbili zimepangana kwa urefu, na mbili nyingine pembeni yake. Bunduki unaigeuza tumbo juu, kitako kimekaa juu ya bega au karibu nalo, mkono wa kulia umeshika, mkono wa kushoto unashuka unachota nne, unasukuma mbili zinaingia kwa mfuatano mmoja, kidole kinarudi, mbili nyingine. Ukifanya mara mbili umejaza nane. Ukimwona anayejua inachukua sekunde chache tu, huwezi hata kuhesabu.

Hilo halinunuliwi dukani. Dada yetu mmoja hapa ni nesi wa zamu ya usiku. Bunduki yake ni ya bei ya chini, kilichobadilishwa ni mlango na kijiko tu. Akirudi kazini anafanya dakika kumi na maganda ya mazoezi, yale yasiyo na baruti wala kiwashio lakini yana uzito ule ule wa risasi, anasimama mbele ya kitanda ili yakidondoka yasipige kelele watoto wakaamka. Dakika kumi, kila siku ya kazi. Kwenye mashindano ya mwezi wa tano aliwapita wanaume ambao bunduki zao zina vitu vya thamani ya gari langu. Wanaume nawaona mmenyamaza.

Na kwenye mazoezi hayo ya nyumbani risasi za kweli ziko chumba kingine. Kidole nje ya triga bunduki ikiwa tumbo juu, na mdomo wa mtutu unajua unaelekea wapi. Uwanjani ukiugeuza ukapita nyuzi 180 kurudi nyuma kwa watu, unaondolewa mashindanoni, hakuna kujitetea, na ni haki yao.

Sasa ndio mrija. Sijasema mrija ni mbaya. Nimesema sio wa kwanza. Ukiufunga angalia mambo haya. Usipite mdomo wa mtutu, wala usilingane nao kabisa kama unaweza, maana moto utaupiga. Uwe na kibano kinachoushika pamoja na mtutu usilegee. Springi mpya isiwe fupi, mimi naiacha itoke nje ya mrija kama futi moja hivi kabla ya kuisukuma ndani, ikiwa fupi risasi ya mwisho itachelewa kufika kwenye kijiko, ikiwa ndefu na ngumu mno kidole chako kinapigana nayo unapolisha. Na kile kisukumizi cha ndani, kinachokaa kati ya springi na risasi, kiwe cha kuteleza.

Na kuna sheria. Bunduki iliyoundwa nje ya Marekani, na nyingi tunazozipenda ni za Italia na Uturuki, kuna kifungu kinaitwa 922(r). Kwa lugha ya kwetu kinasema hivi, ukiibadilisha shotgani ya nusu-otomatiki ya kutoka nje ikawa na sura ambayo isingeruhusiwa kuingizwa nchini kama bunduki ya michezo, na magazini ya risasi zaidi ya tano ni mojawapo ya vitu vinavyoangaliwa, basi isiwe na zaidi ya sehemu 10 za kigeni kati ya orodha yao ya sehemu 20. Ndio maana mnaona watu wanabadilisha kisukumizi, triga nzima, kitako, wanaweka vya kutengenezwa hapa. Sio urembo ule. Hesabu sehemu zako kabla ya kufunga. Na anayefikiria kukata mtutu, chini ya inchi 18 bila kibali cha serikali ni kosa la jinai tangu sheria ya 1934, tena unakata pamoja na nyuzi za choki, kile kipande cha mdomoni kinachobana marisau, vile vidonge vya ndani ya risasi, yasitawanyike ovyo, unabaki na bomba la maji.

Halafu mrija huo huo unaenda nao shambani kwa hua. Hapo mnaniangalia vizuri sasa, maana msimu ni tarehe 1 Septemba.

Ndege wahamao, hua wakiwemo, bata, bukini, sheria ya nchi nzima inasema bunduki isiweze kubeba zaidi ya risasi 3. Mbili kwenye mrija, moja chemba. Hii ni tangu 1935. Miaka ile ya thelathini ukame ulikausha mabwawa ya katikati ya nchi, bata wakapungua vibaya, serikali ya Roosevelt ikakataza kuwamwagia chambo, ikakataza kutumia bata hai kuwavutia wenzao, na ikazipunguza bunduki za kujirudia mpaka tatu. Ile Auto-5 ya Browning ya tano ikabidi iwekewe kijiti ndani ya mrija cha kuzuia risasi zisizidi. Mpaka leo shotgani nyingi mpya zinakuja na hicho kijiti.

Na sheria inasema kijiti kiwe kipande kimoja na kisiweze kutoka bila kufungua bunduki. Sasa wewe umeongeza mrija mrefu, kile kijiti cha kiwandani si kimekuwa kifupi? Mwaka juzi tulikuwa kwenye shamba la mtama, askari wa wanyamapori wa Texas akaja, mstaarabu kabisa, akasalimia, akaomba leseni, akahesabu ndege, kikomo ni 15 kwa siku, wote tuko sawa. Akaomba bunduki. Anachukua ganda lake la mazoezi, anasukuma moja, mbili, la tatu linagoma, anarudisha asante. Akafika kwa jamaa mmoja wa pembeni yetu, sio wa kundi letu nashukuru. La tatu likaingia. La nne likaingia. Alipofika la tano yule jamaa mwenyewe alishaanza kutoa kitambulisho. Kijiti kilikuwemo, ndio, lakini kilikuwa cha mrija mfupi. Mlisikia? Kilikuwemo. Hakikumsaidia.

Kwa hiyo mimi naufungua ule mrefu, narudisha kifuniko cha zamani na kijiti cha zamani, dakika tatu kazi imekwisha. Mlango uliofunguliwa unabaki, kijiko kinabaki, na ndivyo vinavyonisaidia hua wakipita kwa makundi, napiga, naingiza mbili bila kuangalia chini, macho yapo angani. Mrija ungenisaidia nini hapo? Tatu ni tatu.

Kuna mahali kwa ndege hawa ambapo mrija unaruhusiwa. Bukini weupe wameongezeka mno kwa kula mabaki ya mpunga na ngano kwenye mashamba, wakirudi kaskazini wanang'oa mizizi ya majani ya kule Hudson Bay, Kanada, mpaka ardhi inabaki tope tupu. Mwaka 1999 serikali ikatoa ruhusa maalum, misimu mingine yote ya ndege wa maji ikiwa imefungwa, unaweza kuwinda hao bila kijiti na kwa vipaza sauti vya umeme. Ni kazi ya baridi na tope mpaka kiunoni, lakini wakishuka elfu kwa pamoja ndio utaelewa kwa nini mtu anataka kumi kwenye mrija. Somea masharti ya jimbo unaloenda, yanabadilika mwaka hadi mwaka.

Na nguruwe pori? Texas wako zaidi ya milioni 2 kwa makadirio, wanachimbua mashamba usiku kucha, na tangu 2019 kwenye ardhi ya mtu binafsi ukiwa na ruhusa ya mwenyewe hata leseni ya uwindaji huhitaji. Ile sheria ya tatu haiwahusu maana hawaruki. Hapo bunduki yako ya mashindano inafanya kazi ilivyo. Ila mkono wa bolti mkubwa na kile kitufe kikubwa cha kuachia bolti vinanasa kwenye miba na kamba za mfuko, kwa porini mimi naweka vya wastani.

Kingine cha porini ambacho watu wa taima hawakijui. Asubuhi ya kuwinda bata mzinga unataka kimya, kwa hiyo unaishusha bolti polepole kwa mkono isigonge. Kwenye bunduki ya inersha kichwa cha bolti kisipozunguka mpaka mwisho, bunduki haijajifunga, na haitafyatua. Rafiki yangu, Mluba wa Lubumbashi, alikaa chini ya mti tangu giza, dume likaja limetandaza mkia hatua ishirini, akalenga, akavuta, ikasema tik. Basi. Ndege akamwangalia, akaondoka kwa kutembea, hakukimbia hata. Inaweza kutokea pia ukiigonga chini ukiwa unapanda uzio. Dawa ni kuiachia bolti ijifunge kwa nguvu yake yote ukiwa bado mbali, na ukishakaa unaisukuma mbele kwa kiganja kuhakikisha. Springi ya kurudishia bolti ikiwa imechoka au ina mafuta mazito yaliyoganda na baridi, tatizo linazidi, kwa hiyo mafuta kidogo.

Wazee mliorithi au kununua zile Auto-5 za Ubelgiji, mitutu yake mizuri, sina la kusema. Lakini kwa ndege wa maji marisau ya madini ya risasi (lead) hayaruhusiwi nchi nzima tangu 1991, watu wengi wanatumia marisau ya chuma, na mitutu ile ya zamani haikutengenezwa kwa chuma. Itaumia pale kwenye choki. Itumieni kwa hua mahali lead inaporuhusiwa, bata nendeni na nyingine.

La mwisho ni la karatasi, na hili ni letu sisi zaidi kuliko majirani zetu. Mwenye kadi ya kijani yuko sawa, raia yuko sawa. Mwenye viza ya muda, mwanafunzi, mtu wa kazi ya mkataba, sheria ya nchi inamkataza kushika bunduki au hata risasi isipokuwa ana leseni halali ya uwindaji au anaangukia kwenye misamaha michache. Asiye na karatasi kabisa asiguse, hata kupiga picha nayo. Naomba tusioneane aibu kuulizana hapa, mtu mmoja picha ya utani imemfikisha kwa hakimu wa uhamiaji. Na waliozaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1971, Texas inataka kozi ya uwindaji kabla ya kuwinda, fanyeni mtandaoni wiki hii. Wakenya msiniulize kuhusu kupeleka nyumbani, kwenu uwindaji umefungwa tangu 1977 na mnajua.

Maswali? Nilipata mengi, nayaandika mawili.

Kijana mmoja aliuliza, nina hela ya kitu kimoja tu mwaka huu, ninunue kipi. Nikamjibu usinunue kitu, leta bodi karakana siku nisiyo na zamu, tuchonge mlango, hela nunua maganda ya mazoezi na ulipie ada ya kozi.

Mama mmoja akauliza yeye ni mkono wa kushoto, bunduki zote anazoziona zinatupa maganda upande wa kulia, afanyeje. Mama, kulisha kwako ni rahisi kuliko unavyofikiri, mlango uko chini katikati, utachota kwa mkono wa kulia na vishikizi vya risasi utavihamishia upande huo wa mkanda. Shida yako ni kitufe cha kuachia bolti na sefti, sefti nyingi zinageuzika na fundi, na maganda yatakupita mbele ya uso kwa hiyo miwani siku zote. Au tafuta iliyoundwa kwa mkono wa kushoto, zipo, zina bei kidogo. Njoo Jumapili uwanjani ujaribu ya mdogo wangu, naye ni wa kushoto.